Nyama ya Jumanne

Katika nyumba ya Eliakim Nyaberi, nje kidogo ya soko la Roret, jogoo mmoja alilisha watu wanne siku tatu. Aliyeupanga mpango huo alikuwa mkewe, Mongina. Jumapili baada ya kanisa yaliliwa mapaja na mabawa kwa mchuzi wa nyanya na ugali. Jumatatu kidari kilichambuliwa kwa vidole, kikakaangwa na kabichi na karoti, kikaliwa na wali, chakula cha robo saa. Jumanne ikawa zamu ya mgongo, shingo na miguu, vilivyochemshwa pamoja na ndizi mbichi mpaka supu ikawa nzito, na chinsaga pembeni ili watoto wapate mboga.

Mongina hakuwa na muda wa kukaa na moto. Kufika saa kumi na mbili asubuhi alikuwa tayari kwenye majani chai, na alasiri alipanga foleni kwenye kituo cha majani kungoja lori. Kwa hiyo kuku alichemka kidogo alfajiri, kisha sufuria ikafungwa kwa mablanketi makuukuu ndani ya kikapu kikubwa chenye kifuniko, ikaachwa imalizie kazi yenyewe. Alikuwa amefundishwa kikapu hicho na akina mama wa kanisa, naye akawafundisha wengine nusu ya mtaa. Nyama ya jogoo wa kienyeji, hata awe mzee namna gani, ilitoka humo imelegea.

Kazi ya Nyaberi katika mambo hayo yote ilikuwa kumkamata jogoo na kumchinja, basi. Alifanya kazi kiwandani, sehemu ya kunyaushia majani, mara nyingi shifti ya usiku, na alirudi asubuhi kulala. Jikoni hakuingia. Hakuwa mkali wala mvivu. Alilelewa Gucha akiambiwa kwamba mwanamume anayefunua sufuria anajitafutia dharau, na watu wazima wenye akili zao timamu hubeba neno la namna hiyo maisha yao yote bila kuliuliza hata siku moja lina faida gani.

Jiko lenyewe lilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Mongina alipakua, binti yao mkubwa, Kemuma, mwenye miaka kumi na mitatu, akabeba sahani hadi mezani alikoketi baba yake na mdogo wake, Eucabeth, wa miaka sita. Mongina alibaki kule kule na sahani yake, karibu na mafiga. Alisema moto unampumzisha miguu. Hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu mama zao wote walikula hivyo.

Mwaka jana, mvua za Aprili zilipoanza, nyama ya Jumanne ikaanza kuongezeka. Nyaberi ndiye aliyeligundua jambo hilo kwanza. Kwenye supu ya mifupa alikuta bawa zima, wiki iliyofuata akakuta paja.

"Mama Kemuma," aliita kwa sauti ili asikike jikoni, "siku hizi Jumanne imeshinda Jumapili. Hii nyama yote unatoa wapi?"

"Ni kujua kukata," Mongina akajibu.

Wakacheka, huyu mezani na yule jikoni. Eucabeth akaomba aongezewe, na Nyaberi naye akaongezewa. Alikula vizuri Aprili yote, na Mei yote, na sehemu kubwa ya Juni. Baadaye alikuja kuzihesabu hizo Jumanne moja moja, na hakuna hata moja aliyokumbuka kwamba aliacha nyama kwenye sahani.

Aliyemfumbua macho alikuwa jirani yao, Chepkemboi, mama wa Kikipsigis aliyechuma majani mstari mmoja na Mongina na ndiye aliyewauzia jogoo. Alimkuta Nyaberi langoni asubuhi moja akitoka kazini. Hakusalimia kwa urefu kama kawaida yake.

"Baba Kemuma, hii Mama Kemuma hakuli," alisema. "Kule shamba ni chai tu, tena anapoesha kwanza. Akimeza inasimama hapa." Akajigusa kifuani. "Wewe umemuona akikula?"

Nyaberi alifungua mdomo kujibu kwamba ndiyo, kwani mtu ataishije na mkewe miaka kumi na mitano asimwone akila. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho alipomwona Mongina akitia chakula mdomoni, akarudi nyuma hadi Krismasi, na bado hakuwa na uhakika.

Jioni hiyo chakula kilipoletwa mezani, aliinuka akaenda jikoni. Hakuujua mlango ulivyokuwa mfupi, akagonga paji la uso kwenye bati. Mongina alikuwa kwenye kigoda, sahani magotini, na mkononi ameshika paja la kuku ambalo halijaguswa. Alikuwa analirudisha kwenye sufuria ya Jumanne.

Kisha Mongina akasema, "Umeumia?"

"Hiyo nyama, Mama Kemuma."

"Haipiti," alisema. "Nilifikiri ni kidonda cha chai moto, kitapona. Hata ugali haipiti sasa. Ningetupa chakula na watoto wako hapo?"

Nyaberi alikaa chini, pale pale kwenye vumbi la jikoni, akalia. Aliona aibu kuliko alivyowahi kuona. Kumbe paja alilolisifu, bawa alilonyonya mpaka mfupa ukang'aa, vilikuwa chakula cha mkewe.

Hospitali ya Longisa walimwangalia kooni kwa kamera ndogo, wakachukua kipande kwenda kupimwa, na siku ya majibu daktari aliwaketisha wote wawili akafunga mlango. Ilikuwa saratani ya umio. Alieleza polepole, bila kuficha na bila kutisha. Wangemwekea mrija wa kuishikilia njia ili chakula laini kipite. Upasuaji ungewezekana mwezi wa nane, lakini si kwa mwili ule. Mongina alikuwa na kilo arobaini na tatu na nusu. Daktari alitaka arobaini na nane.

"Mayai, maziwa, kuku," alisema. "Chakula chenye nguvu. Lakini kiwe kimeiva mpaka hakihitaji meno. Ukifika hapo, mama, tutaingia kazini."

Kwa hiyo kazi ilikuwa kilo nne na nusu. Maneno mengine yote Nyaberi aliyasahau ndani ya gari, ila hilo alirudi nalo nyumbani.

Wiki ya kwanza baada ya kuwekewa mrija, Mongina alijipikia akiwa amekaa. Ya pili alishindwa kuinua sufuria. Kemuma aliondoka kwenda shule kabla ya jua na kurudi jua likizama. Aliyekuwa nyumbani mchana kutwa, amelala huku mkewe akiangalia paa, alikuwa Nyaberi.

"Ingia jikoni nikuonyeshe," Mongina alimwambia. "Si ngumu. Ni siku tatu tu."

"Utapika mwenyewe ukitoka hospitali."

"Na kabla nitoke?"

"Nitaita dada yangu."

"Dada yako ana ng'ombe na wajukuu. Baba Kemuma, unaogopa nini, hiyo mwiko?"

Alichoogopa ni kwamba siku atakayojua kupika, Mongina atakuwa amemaliza shughuli zake duniani. Lilikuwa wazo la kitoto, naye alijua hivyo, lakini lilimshika siku nne nzima, na siku nne ni nyingi kwa mtu anayehesabu kilo. Ya tano alimwona mkewe akijaribu kumeza uji akiwa amefumba macho, akavua koti la kiwandani, akaenda jikoni. Safari hii aliinama mlangoni.

Jumamosi hiyo hakumpata Chepkemboi nyumbani, kwa hiyo alishuka Sotik akanunua kuku kwenye duka la nyama, mweupe, mnene, tayari amenyonyolewa. Alifurahi kwamba amepata kuku mkubwa. Hakujua kwamba kuku wa gredi, mwenye nyama laini, na jogoo wa kienyeji hawapikwi sawa, na angejulia wapi, yeye ambaye kwake kuku ni kitu kinachofika mezani. Jumapili alfajiri alimchemsha saa nzima kwa tangawizi na chumvi, kama Mongina alivyokuwa anafanya kwa jogoo wa Chepkemboi. Kisha akamfunga vizuri ndani ya kikapu, blanketi juu ya blanketi, akaenda kulala. Aliamka saa nane mchana.

Alipofunua sufuria hapakuwa na kuku. Kulikuwa na mifupa myeupe iliyozama kwenye kitu kizito kama uji, na ngozi ilikuwa imeyeyuka. Aliingiza mwiko, mwiko ukapita mpaka chini. Eucabeth alichungulia kando yake, akauliza kuku ameenda wapi.

"Ameharibika," Nyaberi alisema, na alitaka kuitupa sufuria nzima kwenye majani chai.

"Leta nione," Mongina akaita kutoka kitandani.

Alipeleka kikombe. Alikuwa ameuchuja mchuzi kwa chujio la chai ili mfupa wowote usipite, kisha akasaga nyama kwa mgongo wa kijiko na kuirudisha humo. Mongina alinusa, akanywa kidogo, akangoja. Nyaberi aliliangalia koo lake likishuka na kupanda. Akanywa tena. Kikombe kikafika nusu, kisha kikaisha, naye akakinyoosha kwa Nyaberi.

"Iko ingine?"

"Ni mbaya," Nyaberi alisema. "Nimeharibu kuku mzima."

"Ni mbaya sana," Mongina akakubali. "Hata tangawizi umetia ya mwezi mzima. Lete ingine."

Siku hiyo alikula vikombe viwili na robo. Watoto walikula uji ule ule kwa ugali, Kemuma akikunja uso na Eucabeth akilalamika wazi wazi, na Nyaberi akawaambia yeyote asiyetaka alale njaa, huku amesimama kando ya kitanda na machozi yanamtoka kwa furaha.

Kuanzia hapo alipika hivyo hivyo, wala hakutaka kurekebishwa. Alitoka kazini asubuhi, akawasha moto, akafunga kikapu, akalala, akaamka, akachuja. Kwenye uji wa kuku alitia karoti, viazi vitamu, mara nyingine yai au maziwa ya Chepkemboi. Wenzake kiwandani walisikia, wakamtania kwamba ameajiriwa jikoni, akawajibu kwamba ndiyo, na mkubwa wa huko ni mkali kuliko wao. Mongina alimfundisha mengine kutoka kitandani, siku moja moja: kidari cha Jumatatu kwa ajili ya wasichana, mifupa ya Jumanne, ndizi zimenywe ndani ya maji utomvu usishike mikono. Nyaberi alijifunza. Lile wazo lake la kitoto alilifukuza kila lilipokuja.

Kila Ijumaa, lori likishaondoka, walikwenda kituo cha majani kupima. Mizani ilikuwa ile ya kuning'inia, yenye ndoano ya magunia. Jackton, karani wa kituo, alitandaza gunia safi la nyavu, wanawake wakamsaidia Mongina kukaa ndani, wakalitundika taratibu. Wachumaji walisogea kuangalia namba.

"Arobaini na tano na mia mbili," Jackton alisoma Ijumaa ya pili.

"Usinikate kilo ya gunia kama unavyokataga kwa majani," Mongina alisema akiwa ananing'inia, na watu wakacheka mpaka Jackton akaficha uso. Chepkemboi alicheka kwa mdomo tu, maana aliona miguu ya rafiki yake ilivyokonda.

Ijumaa iliyofuata ilikuwa arobaini na sita na nusu. Nyaberi alirudi nyumbani akiimba. Kilo moja na nusu tu ilikuwa imebaki, na tarehe ya daktari ilikuwa wiki mbili mbele. Alinunua kuku wawili.

Ukungu wa Julai ulishuka wiki hiyo, ule unaokaa juu ya majani chai hadi saa tano. Mongina alianza kukohoa Jumapili. Jumatatu alihema kwa taabu, wakamrudisha Longisa, wakamwekea oksijeni, wakasema ni mapafu. Jumanne Nyaberi alikwenda na chupa ya chai iliyojaa uji wa kuku aliouchuja mara mbili. Mongina alikuwa macho. Aliomba kikombe, akakishika kwa mikono miwili apate joto lake, lakini hakunywa.

"Wasichana wamekula?" aliuliza.

"Wamekula."

"Jumanne ni mifupa na ndizi. Usiwape hii uji yangu kila siku, wana meno."

"Kunywa kidogo, Mama Kemuma."

"Nikipumzika," alisema. Alifariki saa tisa na dakika chache, na uji ulikuwa bado unatoa mvuke.

Walimzika Gucha, kwenye shamba la baba mkwe wake. Watu walisema mengi mazuri, na wengine wakasema kwamba Nyaberi ni mume wa kipekee, aliyempikia mkewe kwa mikono yake. Yeye aliona heri wangenyamaza. Wiki tatu za kupika hazikufuta miezi mitatu ya kula chakula cha mtu mgonjwa na kukisifu.

Waliporudi Roret alikataa watoto wagawanywe kwa shangazi zao. Kiwanda kilimpa shifti ya mchana. Mpango wa siku tatu ukarudi kama ulivyokuwa. Alinunua jogoo wa Chepkemboi, akamchinja, akamchemsha alfajiri, akamfunga kikapuni. Jumapili mapaja na mabawa, Jumatatu kidari. Alipika vizuri sasa, hata Kemuma alikiri. Alipakua, Kemuma akabeba sahani mezani, na yeye akabaki jikoni na yake. Alisema anaangalia moto.

Jumanne ya nne tangu mazishi, mvua ikiwa inapiga bati, wasichana walikuwa wamekaa mezani na supu ya mifupa na ndizi. Eucabeth alizamisha kijiko, akainua kitu, akatabasamu.

"Nimepata paja," alisema. "Zima."

Kemuma aliliangalia lile paja kwenye kijiko cha mdogo wake. Alikoroga bakuli lake mwenyewe, akakuta bawa, na chini yake kipande kikubwa cha kidari kilichopaswa kuisha Jumatatu. Aliweka kijiko chini. Eucabeth alimwuliza kama hataki apewe yeye, lakini Kemuma alikuwa ameshainuka, akatoka kwenye mvua bila kujifunika, akaingia jikoni.

Baba yake alikuwa kwenye kigoda cha mama yake, sahani magotini. Ugali haujaguswa. Suruali ya kazi aliifunga kwa kamba, kwa kuwa mshipi ulikuwa umeishiwa matundu. Mtoto aliyaona hayo yote kwa mara moja.

"Baba, Jumapili ulikula?"

"Nilikula."

"Kwa nini kuna nyama kwa sufuria?"

Nyaberi alianza kusema kwamba ni kujua kukata. Maneno yalifika ulimini, akamkumbuka aliyeyasema kwanza, akashindwa.

"Koo yangu haina shida, mama," alisema baadaye. "Sijisikii kula tu. Nikiweka mdomoni namuona."

Kemuma hakumwamini, na hakuna ambaye angemlaumu. Alikwenda nyumbani akarudi na bakuli lake na mdogo wake, akamkalisha Eucabeth kwenye gunia la makaa, akavuta debe la maji akalipindua, akakaa mbele ya baba yake hadi magoti yao yakagusana. Alichambua kidari kwa vidole, vipande vidogo vidogo, kama mama yake alivyokuwa anafanya Jumatatu. Akamwekea kimoja kwenye ugali, akampa mkononi.

Nyaberi alikitia mdomoni. Alitafuna muda mrefu, machozi yakichuruzika hadi kidevuni, na binti yake hakuyaangalia. Alikuwa anaangalia koo.

"Meza nione," Kemuma alisema.

Akameza.

"Ingine," akasema, na akaanza kuchambua kipande cha pili.